Mwulize Mwalimu: Wanasoma bila kukwama, ukiwauliza hawajui walichosoma

Barua za safu hii zimekuwa nyingi, na karibu zote ni za kusoma. Nadhani ni kwa sababu muhula umefika katikati na ripoti zimeanza kufika nyumbani. Nimechagua tano. Mbili nimezifupisha, maana waandishi walinisimulia pia habari za mwalimu mkuu wao, na hayo si ya gazetini.

Nasoma, wanafurahi, halafu kimya

*Mwalimu, hujambo. Nafundisha Gredi ya 2 katika shule ya serikali huku Kisauni. Nina watoto 58. Wengi wao wanasoma Kiswahili vizuri, silabi zote wamezishika. Lakini nikifika kwenye maswali ya ufahamu nakuta kimya, au mtoto ananinakilia sentensi nzima kutoka kwenye hadithi hata kama siyo niliyoiuliza. Kwenye semina tuliambiwa tuwasomee vitabu vya picha kwa sauti. Nimefanya hivyo wiki kadhaa. Nasoma, wanafurahi, nauliza maswali, na mambo ni yale yale. Na kitabu ninacho kimoja tu.* – Mwalimu wa Gredi ya 2, Kisauni

Mwalimu mwenzangu, sijambo. Watoto wako hawana kasoro, na nusu ya kazi wameshaimaliza. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishashika ba-be-bi-bo-bu na wenzao wakina mba na nywa, atakusomea hata tangazo la mnada lililobandikwa ukutani. Mtoto wa Uingereza hupigana na herufi miaka kadhaa, na kila mtu humwona akipigana. Wa kwetu hufika upesi, nasi tukisikia sauti imenyooka tunadhani na maana imeingia.

Tena hapa Mombasa wengi wamepitia chuoni kwa maalim kabla ya kuja kwako. Huko wamefunzwa kuutamka msahafu kwa usahihi, na maana wataisoma wakikua. Hiyo ni elimu yenye adabu na lengo lake, siilaumu hata kidogo. Ila mtoto huyo anapoketi mbele yako na hadithi ya sungura hajui kwamba huku maana inatakiwa papo hapo. Hakuna aliyemwambia. Ni wewe wa kumwonyesha.

Mwaka 1986 wataalamu wawili, Philip Gough na William Tunmer, walilieleza jambo hili kwa hesabu fupi: kusoma ni uwezo wa kutambua maneno yaliyoandikwa mara uwezo wa kuielewa lugha yenyewe mtu akiisikia. Walisema mara, hawakusema jumlisha. Ukiwa na kumi upande mmoja na sifuri upande wa pili, jibu ni sifuri. Unapomsomea mtoto kitabu cha picha, mzigo wa herufi umeubeba wewe. Yeye amebakiwa na kazi moja, kuelewa, na ndiyo anayohitaji kuizoea.

Sasa tazama ulivyoandika: nasoma, wanafurahi, nauliza maswali. Hapo ndipo pana shida. Maswali ya mwisho hupima, hayafundishi. Yanakwambia nani ameelewa na nani hajaelewa, lakini aliyepotea ukurasa wa tatu hawezi kuokolewa ukurasa wa kumi na mbili. Mtu huelewa au hupotea njiani, kwa hiyo ni njiani unapotakiwa kusimama.

Nikupe mfano wa kitabu nilichokuwa nikikitumia, nilichokichora mwenyewe kwa kalamu za nta nyuma ya kalenda kuukuu. Ukurasa wa tano una sentensi mbili tu: “Kusi limeanza. Asha na mama wanamngoja baba ufuoni.” Basi, maneno yameisha (kusi ni ule upepo wa kusini). Picha ndiyo yenye mambo. Jua limeshagusa maji. Madau matatu yamevutwa mchangani na wavuvi wanakunja nyavu. Mama ameuma ncha ya leso, na macho yake hayako kwenye madau hayo, yako mbali. Asha ameinama, anachora mchanga kwa kidole.

Mwalimu mwenye haraka atasoma na kufungua ukurasa wa sita. Mwingine atauliza, “Asha na mama wanamngoja naaani?” na darasa zima litaitikia, “Babaaa!” Wamejibu sawa, na wamekurudishia neno ulilowapa sekunde mbili zilizopita. Hilo si ufahamu.

Mimi nilinyamaza kwanza. Wakaangalia. Kisha nikasema kama mtu anayewaza peke yake, “Mh. Hawa wengine wamesharudi.” Nikauliza mama anawaza nini. Mtoto wa mbele akasema mama ana njaa.

“Wajuaje?”

“Anakula leso.”

Wakacheka, na mimi nikacheka. Sikumwambia amekosea. Nikauliza kama kuna aliyeona jambo jingine. Kijana mmoja wa nyuma, mtoto wa mvuvi wa Mtongwe, ambaye kusoma kwake kulikuwa kwa kukwamakwama na mkono hainui, akasema, “Mwalimu, kusi likianza bahari huchafuka. Wenzake washarudi. Yeye bado.” Darasa likatulia. Yule wa njaa akainua mkono tena: “Basi mama hana njaa. Ana hofu.” Wajuaje? “Haangalii hawa. Anaangalia kule.”

Kitabu hakikuandika popote kwamba baba amechelewa, wala kwamba mama ana hofu. Watoto waliyatoa wenyewe kwa kuunganisha sentensi mbili, picha moja na wanachokijua kuhusu bahari. Hicho ndicho mitihani inachokitafuta inapouliza “unafikiri kwa nini”, na mtoto ambaye hajawahi kukifanya kwa mdomo hatakifanya kwa kalamu.

Umwangalie pia yule mtoto wa Mtongwe. Alikuwa msomaji dhaifu, ila kusi analijua kwa sababu linapoanza kwao chakula hupungua. Darasani humo alikuwapo mwingine aliyehamia kutoka Kitui, anasoma vizuri kabisa, lakini akadhani Kusi ni jina la mtu. Mwaka 1988 Donna Recht na Lauren Leslie wa Marekani walichapisha utafiti wa namna hii hii, wao wakitumia mchezo wa besiboli. Waliwapa wanafunzi kisa cha mchezo mmoja wakisome, na waliokuwa dhaifu katika kusoma lakini wanaujua mchezo wakakielewa kuliko wasomaji hodari wasioujua. Kwa hiyo kabla ya kufungua kitabu jiulize: ni jambo gani moja au mawili ambayo asiyeyajua hadithi itamponyoka? Yaseme hayo kwa ufupi, uanze. Usiwaandikie ubaoni msamiati wa maneno kumi. Utawachosha kabla hujaanza, na maneno saba kati ya hayo yangejieleza yenyewe kwenye picha.

Kazi kubwa hufanyika kabla ya kuingia darasani. Soma kitabu peke yako, uweke kikaratasi mahali patatu au panne utakaposimama, si zaidi, maana ukisimama kila ukurasa hadithi inakufa. Mahali pazuri pa kusimama ni pale picha inaposema ambalo maneno hayakusema, au mtu anapofanya jambo bila kuelezwa kwa nini. Mahali pabaya ni pale jibu lilipo kwenye sentensi uliyomaliza kuisoma.

Ukishauliza, ngoja. Mary Budd Rowe, Mmarekani aliyechunguza madarasa katika miaka ya 1970, aligundua kwamba walimu wengi humpa mtoto kama sekunde moja tu baada ya swali kabla ya kumwita mwingine au kujibu wenyewe. Walipofika sekunde tatu, majibu yalirefuka na watoto wanyamavu wakaanza kusema. Hesabu tatu moyoni. Utaona ni refu mno, hasa mwalimu mkuu akipita dirishani.

“Wajuaje?” iulize kwa jibu la sawa na la makosa vilevile. Ukiiuliza kwa makosa pekee, kabla ya wiki kwisha watoto watakuwa wamejua kwamba ukisema “wajuaje” maana yake umekosea badilisha, nao watabadilisha hata jibu zuri. Na ile “Tumeelewa?” ya kuitikiwa “Ndiyooo mwalimu!” iache kabisa. Sijawahi kusikia darasa likijibu hapana.

Watoto 58 na kitabu kimoja: waweke chini kwenye mkeka, wafupi mbele, usiwaache kwenye madawati. Hadithi uijue karibu kwa moyo, ili kitabu ukishike pembeni kikiwatazama wao. Ukisoma huku umejigeuzia picha, wao wanaona jalada tu. Picha moja au mbili zile za vituo vyako zichore kubwa kwenye karatasi ya manila, hata kama mkono wako si wa mchoraji. Kisha kila kituo mwambie kila mtoto ageukie jirani yake amwambie anachofikiri. Kwa dakika moja watoto 58 wamesema, badala ya wale watano wa kila siku. Kutakuwa na kelele kama sokoni Kongowea. Wewe pita, sikiliza jozi mbili, halafu usiulize nani anajua, sema, “Nimemsikia huyu akisema jambo, turudie tulisikie.”

Sasa daraja la kurudi kwenye ufahamu wa kitabuni, kwa sababu najua ripoti inataka alama. Wakishazoea, chukua kifungu kisicho na picha kutoka kwenye kitabu chao cha kiada. Wasome wenyewe aya ya kwanza, kisha waambie wachore daftarini ile picha ambayo kitabu hakikuwapa. Anayenakili sentensi hawezi kunakili mchoro. Utamjua aliyeona na asiyeona kwa kutembea kati ya madawati, hata bila kusahihisha. Lipe jambo hili muhula mzima kabla hujalihukumu.

Anasoma picha, hasomi maneno

*Binti yangu yuko Gredi ya 1. Mwalimu wake anapenda sana vitabu vya picha. Nyumbani nikimpa asome, anatazama picha na kubuni. Pameandikwa “ndama”, yeye asema “ng'ombe”. Kitabu kizima anakisema kwa kichwa chake. Naona picha zinamfanya mvivu, nimefikiria nizifunike.* – Baba, Mikindani

Zifunike, Baba.

Lakini zifunike kwa dakika kumi tu, na kwa kazi moja. Binti yako ana ugonjwa ulio kinyume na wa Kisauni: hadithi anaielewa, herufi ndizo anazozikwepa. Nawe unachanganya shughuli mbili ambazo hazifai kufanywa saa moja. Anaposoma yeye, anatakiwa ayasome maneno. Weka kadi juu ya picha, aweke kidole chini ya neno, aanze na n-da, nda, halafu ma. Akishamaliza sentensi, ondoa kadi aangalie picha kama zawadi, na aone kama alichokisoma kimo. Mtu akikwambia kwamba mtoto akikwama kwenye neno aitazame picha abahatishe, mshukuru kwa ushauri na usiufuate. Kubahatisha kutamfikisha Gredi ya 2, na huko picha zinaanza kupungua.

Unaposoma wewe, hapo picha zote ziwe wazi, na hapo sahau herufi. Usimwambie “hili ni neno gani?” katikati ya hadithi. Muulize huyu ng'ombe anamtafuta nani. Wazazi wengi, na akina baba nadhani zaidi, hugeuza kila kitabu kuwa mtihani wa kusoma maneno, kisha hushangaa mtoto akisikia “lete kitabu” anakimbilia chooni.

Bibi asiyesoma

*Mwalimu, barua hii naisema na anayeiandika ni mjukuu wangu mkubwa. Mimi naishi Likoni, nalea wajukuu wanne, wadogo wawili wako PP2 ya chekechea na Gredi ya 1. Shuleni wametuambia tuwasomee watoto nyumbani. Mimi Kurani nasoma, lakini herufi hizi za kizungu sikupelekwa kuzisoma. Vitabu vya picha wanavyo viwili. Nitawasomeaje?* – Bibi, Likoni

Bibi, nakuamkia. Na nampongeza katibu wako, mwandiko wake unasomeka kuliko wa walimu wengi ninaowafahamu.

Hili la kuelewa, wewe unaweza kulifunza vizuri kuliko mimi. Unapowaambia watoto “Paukwa!” nao wakaitikia “Pakawa!”, umeshawaambia kwamba hadithi ni ya watu wawili, mmoja hasemi peke yake. Mwalimu wa Kisauni niliyemjibu hapo juu, shida yake kubwa ni kulirudisha jambo hilo darasani.

Chukua kimojawapo cha vile vitabu viwili. Mtoto mmoja kushoto, mmoja kulia, kitabu mapajani. Fungua ukurasa wa kwanza na usiseme kitu. Waache waangalie. Kisha uliza: kuna nini hapa? Watakutajia: kuku, mti, mtoto. Kutaja vitu ni mwanzo tu, usiishie hapo. Uliza mtoto huyu anafanya nini, na mbona amekasirika. Akikujibu neno moja, lirefushe wewe. Akisema “ameanguka”, sema, “Eeh, ameanguka kutoka juu ya mwembe kwa sababu tawi lilikuwa bovu.” Naye utamsikia kesho akisema hivyo hivyo, na la kwake ameliongeza. Kabla hujafungua ukurasa mwingine, uliza kutatokea nini. Wakibishana, afadhali. Fungueni muone nani alipata.

Usihofu kwamba hadithi yenu haitafanana na iliyoandikwa. Yule mjukuu mkubwa siku moja atawasomea maneno, na wadogo watakuwa na kazi nzuri sana ya kulinganisha: Bibi alisema hivi, kitabu kimesema vile, picha inamuunga mkono nani? Hilo ni somo la ufahamu ambalo sijaliona kwenye mtalaa wowote.

Kwa wale wa shule wakikuuliza kama hivyo ni kusoma, waambie hili. Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti wa watoto wa miaka miwili na kitu hivi. Wazazi wa kundi moja walifunzwa kuuliza, kungoja, na kulirefusha jibu la mtoto, kama nilivyokueleza. Wazazi wa kundi la pili waliwasomea watoto wao kama kawaida, kwa wingi ule ule. Baada ya mwezi mmoja watoto wa kundi la kwanza walikuwa mbele waziwazi katika kuzungumza. Kilichowatofautisha ni nani aliyekuwa akisema wakati kitabu kiko wazi.

Jambo moja dogo: taa. Kama umeme unasumbua huko, fanya kabla ya magharibi, mlangoni. Picha za kuangaliwa kwa tochi ya simu huwachosha macho, na simu ikishatoka mfukoni kitabu kimeshashindwa.

Kimvita, Kiswahili cha kitabuni, au Kiingereza?

*Sisi ni wa Mji wa Kale. Nikimsomea mwanangu kitabu, nageuza maneno niyaseme tunavyosema nyumbani. Mume wangu aniambia namharibu, nisome kilivyoandikwa, tena afadhali kiwe cha Kiingereza kwa sababu shule yake ni ya Kiingereza. Nani yuko sawa?* – Mama wa mmoja, Mji wa Kale

Kila mmoja ana kipande chake. Kilichoandikwa kisome kilivyoandikwa, mtoto ayasikie maneno ya kitabuni kwa sababu atakutana nayo. Mazungumzo juu ya picha yafanyeni kwa lugha yenu ya nyumbani, kwa sababu mtu huwaza vizuri kwa lugha anayoijua vizuri. Hata kitabu kikiwa cha Kiingereza: soma Kiingereza, simama, muulize kwa Kimvita, Kiswahili chenu cha Mombasa, mbona huyu amejificha. Akishaelewa kwamba hadithi ina mambo yasiyosemwa, atayatafuta kwa lugha yoyote utakayompa. Hata sera ya elimu ya Kenya tangu ripoti ya kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 imetaka madarasa ya kwanza yafundishwe kwa lugha inayozungumzwa mahali shule ilipo, ingawa ukipita kwenye shule nyingi za kulipia hutajua kwamba sera hiyo ipo.

Mume wako mkumbushe pia kwamba mkutano wa mwaka 1928 uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika hapa hapa Mombasa. Tulishindwa nyumbani kwetu. Kukizungumza Kimvita chetu sebuleni tusinyimwe.

Vitabu vitatoka wapi, na hiki kimoja nimekichoka

*Mimi ni mlezi wa PP2 Changamwe. Vitabu vya picha vya dukani ni ghali na vingi vina theluji na watoto wa ulaya. Tuna kimoja kizuri, watoto wanakidai kila siku mpaka mimi nimekichoka. Nivipate wapi vingine?* – Mlezi, Changamwe

Vya bure vipo. Kuna mkusanyiko uitwao African Storybook, ulioanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini mwaka 2014, wenye hadithi za picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Unaruhusiwa kuzipakua kwenye simu na kuzichapisha bila kumlipa mtu, gharama yako ni ya karatasi na wino. Usichapishe ovyo. Picha zake huchangiwa kati ya hadithi mbalimbali, na nyingine zinarudia tu yaliyoandikwa. Tafuta zile ambazo ukiziba maneno bado una la kuuliza. Pita pia maktaba ya umma ya Mombasa, uone rafu za watoto.

Halafu kuna za kutengeneza. Shule za awali za madrasa zilianzia hapa Mombasa katika miaka ya 1980, chini ya Bi Swafiya Said kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, na walimu wao walijengewa desturi ya kutengeneza vifaa kwa vitu vinavyookotwa mtaani. Kitabu cha picha hakikushindi. Karatasi tatu za manila zikunje na kuzishona katikati kwa uzi wa gunia. Chagua jambo ambalo watoto wako wanalijua: mtu anavuka feri na kuku kwenye kikapu, kuku anatoroka. Maneno weka machache, sentensi moja kwa ukurasa, na sehemu ya hadithi iache kwenye picha bila kuiandika. Usiandike “kuku alijificha chini ya lori”. Chora mkia unaotokeza nyuma ya gurudumu, na abiria wote wakitafuta upande wa pili. Watoto wataona kabla yako na watapiga kelele.

Kuhusu vya theluji, usivitupe vyote. Mtoto wa Changamwe anaweza kumwelewa mtoto aliyepoteza glavu kama ameshawahi kupoteza kiatu. Mpe tu lile jambo moja la kumwezesha, kwamba huko ni baridi mpaka vidole vinauma, kisha endelea.

Na hicho wanachokidai kila siku wape. Umekichoka wewe, wao bado. Mara ya kwanza mtoto hushughulika na nini kitatokea, hana nafasi ya jingine. Mara ya pili, akishajua mwisho, ndipo anapoanza kuuliza kwa nini, na kuona dalili zilizokuwa kwenye ukurasa wa pili tangu mwanzo. Mara ya tatu waachie baadhi ya kurasa wazisimulie wenyewe huku wewe umenyamaza. Badilisha vituo vyako vya kusimama kila mara, ukisimama pale pale watakuwa wanakariri majibu. Wakifika mahali pa kukukosoa kwamba umeruka mstari, mpe mmoja kiti chako.

Kama kurasa zimeanza kutoka, ile seloteipu pana ya kufungia katoni hushika kuliko nyembamba. Bandika pande zote mbili, na mgongo uuzungushe mara mbili.